Kilo na Miaka: Kipimo cha Dawa Njombe na Makambako

Makambako ndipo barabara itokayo Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Njia hizo zimeleta biashara, vibarua na wasafiri. Maambukizo nayo yakazifuata. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Njombe walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 4.4.

Katika mkoa huo huo, uchunguzi mwingine wa mwaka 2022 ulikuta nusu hivi ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyostahili umri wao. Na hii ni nchi ya viazi, mahindi na maziwa!

Kwa kawaida tarakimu hizi mbili husomwa mbalimbali. Zikisomwa pamoja huzaa swali: mtoto apewe dawa kiasi gani?

Tuchukue dolutegraviri, dawa ya kuzuia virusi hivyo. Watoto hupewa vidonge vya miligramu 10 vinavyoyeyushwa katika maji. Mwenye kilo 14 hadi chini ya 20 hupewa vidonge viwili na nusu kwa siku. Mwenye kilo 10 hadi chini ya 14 hupewa viwili. Mtoto wa miaka mitatu aliyekua vema huwa na kilo 14 hivi. Aliyedumaa aweza kuwa na 11. Mhudumu akitazama miaka tu, atamzidishia. Kosa la pili ni baya zaidi: mtoto ameongezeka uzito, lakini kipimo chake kimebaki kile cha zamani. Dawa ikipungua damuni, virusi huzaliana mbele yake na kujifunza kuihimili. Huo ndio usugu.

Wapo wadhanio kwamba haki ni kila mgonjwa kupewa sawa na mwenziwe. Mwili haukubali hesabu hiyo. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo dawa nyingi hukawia humo. Mama mjamzito huongezeka damu kwa karibu nusu, na dawa huzimuliwa. Figo za mzee huchuja polepole. Mzee huyo akiwa pia na kisukari anayetumia metformini, dolutegraviri huizuia isitoke upesi mwilini, hata ikabidi metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Akipata kifua kikuu na kupewa rifampisini, mambo hugeuka: dolutegraviri huondolewa haraka, naye huimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Hayo yote huhitaji kumbukumbu zisizopotea mgonjwa ahamapo kutoka Makambako kwenda mashamba ya chai, na kwa mtoto huhitaji mizani ya kweli. Mizani ya kuning'iniza hutegemea springi, nayo hurefuka kwa kadiri ya uzito, kama wanafunzi wa fizikia wajuavyo katika kanuni ya Hooke. Springi iliyochoka hudanganya. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani: pima dumu tupu, tia lita 5 za maji, pima tena. Tofauti isipokuwa kilo 5, mizani hiyo haifai kumpimia mtoto.