Kupima Joto kwa Umeme

Ukichemsha maji Dar es Salaam na kutia kipimajoto ndani yake, kitaonyesha karibu digrii 100 za sentigredi. Ukichemsha maji Tabora, kipimajoto hicho hicho kitaonyesha karibu digrii 96. Je, kimeharibika? La. Tabora iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Huko mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufikia digrii 100.

Wasafiri wa zamani walitumia jambo hili kukadiria kimo cha nchi. Mwaka 1857, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Kaze, karibu na mji wa leo wa Tabora. Mwaka 1858 walifika Ujiji. Huko walikadiria kuwa Ziwa Tanganyika liko karibu meta 560 juu ya usawa wa bahari. Kimo chake halisi ni karibu meta 770. Kipimajoto chao hakikuwa sahihi. Kosa lisilofikia digrii moja lilitosha kulishusha ziwa kwa meta 200.

Likumbuke kosa hilo, kwa maana siku hizi tunaiachia mitambo kazi ya kupima joto, na mtambo huamini lolote unaloambiwa.

Kazi ya kihisijoto

Wakulima wengi wa Mkoa wa Tabora hukausha tumbaku ndani ya bani kwa moto wa kuni. Mwanzoni majani huhitaji joto la karibu digrii 35 ili yageuke manjano. Mwishoni huhitaji karibu digrii 70 ili vikonyo vikauke. Joto likizidi mapema, majani huharibika. Jasho la msimu mzima hupotea, na kuni zilizokatwa msituni huwa zimeungua bure. Kwa hiyo mkulima hukesha akiangalia kipimajoto.

Kazi hii ya kukesha yaweza kufanywa na kidhibiti. Kidhibiti ni kompyuta ndogo inayoongoza mtambo kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa na fundi. Lakini kidhibiti hakina ngozi ya kuhisi joto. Huhitaji kihisijoto.

Aina moja ya kihisijoto ina waya mwembamba wa madini ya platini. Waya huo ukipata joto, ukinzani wake huongezeka. Katika digrii 0 ukinzani wake ni omu 100. Katika digrii 100 ni omu 138.5. Joto likipanda kidogo kidogo, ukinzani nao hupanda kidogo kidogo, bila kuruka.

Ujumbe katika waya

Waya mrefu wa kuunganishia nao una ukinzani wake. Ukiongeza omu 1 tu, kidhibiti kitadhani joto limepanda kwa zaidi ya digrii 2. Kwa sababu hiyo, fundi huweka kifaa kiitwacho transmita karibu na kihisijoto. Transmita hugeuza kipimo kuwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Mkondo ni uleule kila mahali katika mzunguko, kwa hiyo safari ndefu haiupunguzi.

Tuseme miliampea 4 ni digrii 0, na miliampea 20 ni digrii 100. Basi kila digrii moja ni miliampea 0.16. Kidhibiti kikipokea miliampea 12, kitajua kwamba joto ni digrii 50.

Kwa nini hatuanzii miliampea 0? Ni kwa sababu waya ukikatika, mkondo huwa 0. Kama digrii 0 nayo ingekuwa miliampea 0, kidhibiti kingedhani bani limepoa, kisha kingechochea moto pasipo haja.

Jaribio

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako.

1. Tia kipimajoto katika barafu inayoyeyuka. Subiri, kisha soma. Kinapaswa kuonyesha digrii 0.
2. Kitie katika maji yanayochemka. Andika kipimo. Jihadhari na mvuke.
3. Linganisha kipimo hicho na kimo cha mahali unapoishi.

Fundi naye hukijaribu kihisijoto kwa njia hii kabla ya kukiamini. Fundi wa Tabora asiyejua kimo cha mji wake angesubiri digrii 100. Akiona 96, angesahihisha kifaa kisicho na kosa, na kwa kufanya hivyo angekitia kosa.

Maswali

1. Kwa nini maji huchemka mapema zaidi Tabora kuliko Dar es Salaam?
2. Kidhibiti kimepokea miliampea 8. Joto ni digrii ngapi?
3. Kihisijoto kimetiwa katika maji yanayochemka Tabora. Je, transmita itatoa miliampea ngapi?
4. Kidhibiti cha bani kimepokea miliampea 0. Fundi afanye nini kwanza?