Mbuzi Kibogoyo: Tusisingizie Umri

“Mbuzi akizeeka lazima akonde, hata umlishe nini.”
SI KWELI. Umri hupunguza misuli, hilo halina ubishi. Lakini wewe mfugaji wa Nalasi, mkoani Ruvuma, kabla ya kuulaumu uzee, mshike taya umfunue mdomo. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote ya chini. Juu ni ufizi mgumu tu. Hukamilika akifikisha miaka minne hivi, kisha huanza kuchakaa, kuachana na kung’oka. Kibogoyo hushinda malishoni na kurudi na njaa, na mwili uliokosa protini huanza kula mnofu wake wenyewe. Pitisha kiganja mgongoni, karibu na kiuno: mifupa iliyochongoka itakuambia. Minyoo nayo hukondesha, hivyo mpe dawa pia.

“Pumba za mahindi zinamtosha.”
SI KWELI. Pumba hutia nguvu, ila protini yake ni haba. Na sisi watu wa kusini tuna mbaazi! Majani yake yana protini nyingi. Yaponde, yalowanishe kidogo, uchanganye na pumba. Ukipata mashudu ya ufuta, ongeza. Mlishe pembeni, mbuzi vijana wasimpokonye.

“Meno yakiisha, mnyama naye ameisha.”
KWELI kwa tembo wanaopita ushoroba wa Selous na Niassa, huku kwetu Ruvuma. Tembo hupata seti sita za magego maishani. Ya mwisho ikisagika, hukonda hadi kufa. Tembo hana wa kumpondea majani. Mbuzi wako anaye.

“Mbwa mzee apunguziwe nyama na dagaa.”
SI KWELI kwa mbwa mwenye afya. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mbwa wazee walihitaji protini nyingi kuliko vijana ili kulinda akiba ya mwilini. Mwenye figo mbovu ni wa daktari wa mifugo.

“Kula kidogo humaliza misuli.”
INATEGEMEA. Huko Wisconsin, Marekani, katika utafiti ulioanza mwaka 1989, kima walipunguziwa nishati kwa asilimia 30 hivi, na misuli yao ikapungua polepole kuliko ya wenzao walioshiba. Ila walipewa vitamini na madini kamili. Njaa ya kiangazi haina hayo.

Basi ndugu mfugaji, kabla hujanoa kisu kwa sababu beberu amekonda, mfunue mdomo kwanza.