Nyimbo Nisizozichoka

Wapenzi wa muziki wakinitaka niutaje wimbo niupendao kupita zote, siwazungushi: ni "Al-Atlal" wa Umm Kulthum. Maana ya jina hilo ni magofu, nasi wa pwani twayajua magofu. Gedi na Pate yapo. Maneno ni ya Ibrahim Nagi, tabibu wa Misri aliyekuwa malenga. Nagi alifariki mwaka 1953. Riad al-Sunbati akayatia muziki, na bibi huyo akayaimba mwaka 1966. Mwenye maneno hakujaaliwa kuyasikia.

Wa pili ni "Enta Omri" wa 1964, wimbo wa kwanza Umm Kulthum kutiliwa muziki na Mohamed Abdel Wahab. Ala hutangulia kwa dakika kadhaa kabla ya neno la kwanza, yataka subira.

Kwa Kiswahili, nachagua sahani za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Alifariki 1950, sauti ingalipo.

Siku hizi vijana huukata wimbo simuni kabla haujakolea. Ya kale ni dhahabu, lakini dhahabu iliyofukiwa haimfai mtu. Ndugu msomaji, ukiwa na sahani au kaseti za wazee, ziwekee watoto wazisikie, na jina la mtungaji ulitaje.