Siri ya Rais Harding na Binti wa Marion

Siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii tumeirithi kwa wazee, na mara nyingi twaitumia kumfunga mtu mdomo: wewe hukuwamo, utajuaje? Lakini kata nayo ikiamua kusema, nani ataisadiki? Hilo ndilo lililomkuta Bibi Nan Britton, Mmarekani aliyetoa kitabu mwaka 1927 kueleza mapenzi yake ya siri na hayati Rais Warren Harding. Jibu lilichukua miaka 88 kupatikana, na lilipokuja yeye mwenyewe hakuwako.

Kitabu hicho kinaitwa The President's Daughter, yaani "Binti wa Rais". Kina kurasa zaidi ya 400, na wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza cha aina yake kuandikwa Marekani.

Nan alizaliwa mwaka 1896 katika jimbo la Ohio, akakulia mji wa Marion ambako baba yake alikuwa daktari. Harding alikuwa mwenye gazeti mjini humo, mtu mzima, ana mke, naye amempita binti huyo kwa miaka 31. Nan asimulia bila kuona haya kwamba tangu yu mwanafunzi alimpenda bwana huyo, akazikusanya picha zake na kuzibandika ukutani. Mapenzi ya kitoto hayo, na lau yangeachwa yafe, yangekufa.

Mwaka 1917 Nan alikuwa akitafuta kazi huko New York. Harding sasa ni Seneta. Binti akamwandikia barua kuomba msaada. Seneta hakutosheka kujibu kwa barua. Alikwenda New York mwenyewe, akamtafutia kazi katika kampuni kubwa ya chuma. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Msomaji atauona mzani ulivyoelemea upande mmoja: huyu ana cheo, umri na fedha, yule ana barua ya kuomba kazi.

Tarehe 22 Oktoba 1919 Nan alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth Ann. Mwaka uliofuata Harding akachaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Kwa maelezo ya Nan, fedha za matumizi hazikukatika, lakini baba hakupata hata mara moja kumtia mwanawe machoni. Mtoto alichukuliwa na dada yake Nan pamoja na mumewe, wakamlea kama wao. Mama mzazi akawa anabisha hodi kumwona mwanawe. Nan anasema pia kwamba aliitwa Ikulu, na kwamba mahali pa faragha walipopata humo palikuwa kijichumba cha kutundikia makoti.

HANA HATA BARUA MOJA

Tarehe 2 Agosti 1923 Rais Harding alifariki ghafla mjini San Francisco. Nan akawaendea jamaa wa marehemu kudai haki ya mtoto, akarudi mikono mitupu. Watu wa Harding walisema bwana huyo hakuwa na uwezo wa kuzaa, na ushahidi wao ulikuwa kwamba ndoa yake na Bibi Florence haikuleta mtoto. Nan naye hakuwa na hata barua moja ya kuonyesha. Asema aliziharibu zote kwa kuombwa na Harding mwenyewe.

Basi akaandika kitabu. Wachapishaji walikiogopa, ikabidi kitolewe na chama alichokianzisha yeye, chenye jina la bintiye. Hata hivyo polisi wa New York, pamoja na watu wa jumuiya ya kupinga maandishi machafu, waliingia kiwandani wakavitwaa vibao vya kupigia chapa. Baadaye vilirudishwa, na kitabu kikatoka. Maduka mengi hayakuthubutu kukiweka mbele, lakini kilinunuliwa mno.

Waliomjibu hawakuwa na huruma. Kilitoka kitabu cha kumkanusha, kikamwita mwongo na mwanamke mpotovu. Nan alikwenda mahakamani kumshitaki mtu aliyekuwa akikieneza. Kesi ilisikizwa Toledo, Ohio, mwaka 1931, akashindwa. Baadaye akanyamaza, akaishi maisha ya kawaida hadi alipofariki mwaka 1991, umri miaka 94. Neno lake hakulibadili. Elizabeth Ann alimfuata mwaka 2005.

DAMU YASEMA

Mwaka 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua barua za mapenzi ambazo Harding alimwandikia mwanamke mwingine, Carrie Phillips, mke wa rafiki yake huko Marion. Ndipo waliokuwa wakimtetea kuwa bwana asiyetoka nje ya ndoa walipoanza kukosa la kusema. Mwaka 2015 kikafanywa kipimo cha DNA baina ya mtoto wa Elizabeth Ann na jamaa wa Harding. Jibu likatoka: Elizabeth Ann ni binti wa Rais.

Sasa twamhukumu vipi Bibi Nan? Sisi watu wa pwani tumelelewa katika stara. Mtu akiteleza, hufundishwa kutubu kwa Mola wake, si kwenda sokoni kutangaza aibu yake. Kwa kipimo hicho, kitabu hiki ni cha mtu aliyejivua nguo mwenyewe. Tena Bibi Florence alikwisha kufa mwaka 1924, na marehemu wote wawili hawakuweza kujibu.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni zito: nasaba. Mtoto hakuomba kuzaliwa, na dhambi ya wazazi si mzigo wake. Nan alikitunza kitabu chake kwa akina mama wasioolewa na watoto wao, akataka baba wa kila mtoto aandikwe. Lau angenyamaza, stara ingemfunika Harding, na aliyebaki uchi angekuwa mtoto. Waliomtukana walimwita mzinifu mwongo. Uzinifu alikwisha kuukiri kwa kalamu yake. Uongo wa mtoto ndio ambao hakuwa nao, na huo ndio uliomshinda mahakamani.

Tusipite mpaka vilevile. Damu imeshuhudia jambo moja tu, ubaba. Kijichumba cha makoti hakina shahidi, wala maneno matamu anayodai aliambiwa. Mwenye kusema kweli katika jambo kubwa aweza kutia chumvi katika madogo.

Kitabu bado kinapatikana. Atakayekisoma akisome kwa tahadhari mbili: asisadiki kila kilichoandikwa humo, na asimcheke aliyekiandika.