Mgonjwa wa saratani asiachwe peke yake



Wiki hii tuitazame kazi ya daktari mmoja wa Marekani, Harold Freeman, kwani ina somo kwa kila nyumba ya Kiislamu.

Freeman, bingwa wa upasuaji wa saratani, alianza kazi katika Hospitali ya Harlem, jijini New York, mwaka 1967. Wakazi wengi wa Harlem wakati huo walikuwa watu weusi maskini. Wanawake walimfikia wakiwa na saratani ya matiti iliyokwisha kuchimba kidonda. Kati ya wagonjwa 606 waliotibiwa hapo kuanzia 1964 hadi 1986, karibu nusu walifika wakiwa katika hatua ya 3 au ya 4. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano ni asilimia 39 tu.

Je, walikuwa wazembe? Hapana. Wengi hawakuwa na bima, wengine waliogopa, na hata aliyekwisha kuonekana ana uvimbe alipotea katikati ya foleni, fomu na tarehe za kurudi.

Mwaka 1979 Freeman alianzisha uchunguzi wa matiti kwa wasio na uwezo. Mwaka 1990 akaongeza waongozaji wa wagonjwa. Hawa hawakuwa madaktari. Kazi yao ilikuwa kufuatana na mgonjwa tangu uvimbe unapoonekana hadi atibiwe: kumsaidia fomu, kumkumbusha tarehe, kumtoa hofu. Kwa wagonjwa 325 wa mwaka 1995 hadi 2000, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walifikia asilimia 70. Mwaka 2005 Marekani ikapitisha sheria ya kusaidia huduma hiyo.

Ndugu msomaji, kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa nduguye, na Mtume (s.a.w.) ametuagiza tujitibu. Lakini ziara zetu nyingi huishia kwenye dua na matunda. Dua iendelee, kisha muulize mgonjwa: "Tarehe yako ya hospitali ni lini? Nani anakupeleka? Nauli ipo?" Kazi hiyo haihitaji udaktari. Kijana wa msikitini au mama wa darsa anaiweza.

Nanyi akina mama, nendeni kituo cha afya mapema mkiona uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, au inayotoa damu. Msisubiri maumivu, kwani mwanzoni mara nyingi uvimbe wa saratani hauumi. Wala si kila uvimbe ni saratani. Kipimo ndicho kitakachosema.

Haya ni katika imani, lakini isiwe sababu ya kuficha maradhi. Omba mhudumu wa kike. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu tabibu wa kiume kwa kiasi cha haja, na mumeo au maharimu wako awepo.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu. Amin.