Je, Wajua? Bolti Ikigoma

Je, wajua kwamba ukikaza bolti, karibu asilimia 90 ya nguvu unayoitia humezwa na msuguano? Nusu hivi huishia chini ya kichwa, nyingine kwenye meno, na ni kama asilimia 10 tu inayofanya kazi ya kubana. Ndiyo maana matone machache ya oili yakifika panapostahili huishinda misuli ya mabega mawili.

Je, wajua kwamba kutu hunenepa? Chuma kikigeuka kutu huchukua zaidi ya mara mbili ya nafasi kilichokuwa nayo mwanzo. Ndani ya tundu la bolti hakuna pa kupanukia, kwa hiyo kutu hujishindilia katikati ya meno kama kabari. Pikipiki iliyolala nje miaka 10 Tanga, Lamu au Unguja ina tatizo la ziada: bolti ni chuma, kasha la injini ni alumini, na metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi huwa kama betri ndogo. Anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona pembeni mwa bolti si vumbi la barabarani, ni injini yako inayoyeyuka polepole.

Je, wajua kwamba bisibisi ya nyota si moja? Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, alipata hataza ya skrubu yake ya msalaba mwaka 1936, na dunia ikaizoea. Wajapani wana msalaba wao, wa kipimo cha JIS. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja, ila kina na pembe zake vinatofautiana kidogo. Ukiingiza bisibisi ya Phillips kwenye kifuniko cha klachi cha Honda au Yamaha ya miaka ya 1970, haiketi mpaka chini. Ukizungusha inapanda juu, na kila inapopanda inaondoka na chuma cha skrubu. Baada ya mara tatu umebaki na shimo la duara. Angalia kichwa kwa makini: skrubu nyingi za JIS zina kidoti kimoja kidogo pembeni mwa msalaba. Kwa miaka mingi Wajapani wamelaumiwa kwa “skrubu laini”. Mara nyingi kosa lilikuwa la bisibisi.

Na je, wajua kuna bisibisi iliyotengenezwa ili ipigwe nyundo? Ndani yake mna njia ya mshazari inayogeuza pigo kuwa mzunguko mfupi mkali. Faida zake ni mbili kwa pamoja: pigo linaisukuma ncha ndani ili isipande, na mtikiso unaivunja kutu. Kwa maoni yangu, mwenye pikipiki ya zamani ya Kijapani akiweza kununua kifaa kimoja tu mwaka huu, anunue hiki, mradi ncha yake iwe ya JIS.

Namba ya spana si namba ya bolti. Bolti ya M6 ina unene wa milimita 6, lakini huifungui kwa spana namba 6. Kwa kawaida ni namba 10. Hapo Mjapani na Mjerumani wanakubaliana. Wakifika M8 wanaachana: Mjapani namba 12, Mjerumani namba 13. M10 ya Mjapani hufunguliwa kwa namba 14, ya Mjerumani wa zamani kwa namba 17. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano huwa na zote hizo upande mmoja wa injini. Ukihisi spana inacheza, itoe. Namba 13 kwenye kichwa cha 12 haifungui, inachonga.

M10 ina mtego mwingine. Ile ya kawaida ya dukani ina hatua ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. Pikipiki za Kijapani hupenda 1.25. Bolti ya dukani itaingia mizunguko miwili, kisha itagoma, na hapo ndipo huja yule jamaa anayesema, “Inaingia ukilazimisha.” Kweli inaingia. Kutoka ndiyo kazi.

Mwenye Triumph au BSA ya zamani ya Kiingereza ana yake: Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vyake vya meno mwaka 1841, na namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth inataja unene wa bolti, si upana wa kichwa.

Je, wajua maana ya 8.8 juu ya kichwa cha bolti? Nane ya kwanza inasema chuma chake huhimili nyutoni 800 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Kwa hesabu hiyo, bolti ya M6, nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho, inaweza kuning’iniza mzigo wa kilo 1,600 hivi ikivutwa wima. Lakini ikinyongwa, ni nyepesi mno. Chukua paipu ya mita 1, ichomeke kwenye spana, tundika pakiti moja ya unga ya kilo 1 mwishoni: hiyo karibu ndiyo nguvu yote ambayo M6 inatakiwa kukazwa nayo. Ukiongeza pakiti ya pili, uko ukingoni mwa kuikata. Sasa mfikirie mtu mzima anayeining’inia paipu hiyo hiyo kwa mikono miwili.

Je, wajua kwamba njia ya kwanza ya kufungua ni kukaza? Robo ya robo ya mzunguko tu, kisha rudi nyuma, kisha mbele tena. Kutu hukatika kwa kuchezeshwa. Kabla ya hapo, gonga kichwa cha bolti moja kwa moja kwa nyundo mara kadhaa, si kwa hasira.

WD-40 ilizaliwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Jina lake linatokana na jaribio la arobaini la kupata mchanganyiko uliofaa. Kupenya kwenye bolti iliyonata haikuwa kazi yake ya kwanza, na kuna mafuta maalumu yanayoifanya vizuri zaidi. Lolote utakalotumia, nyunyiza jioni ufungue asubuhi. Dakika mbili hazitoshi.

Moto ndio mwalimu mkuu wa bolti, nao una hesabu yake. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha kasha la injini kwa nyuzi 100 zaidi, tundu la milimita 8 huizidi bolti yake kwa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko hapo, lakini kwa kutu pengo hilo ni mlango. Basi pasha kasha, si bolti. Tone la maji likichemka juu yake na kutoweka, joto limetosha. Usingoje iwe nyekundu: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kukuonya kwa rangi. Na tenki la petroli litoke kabisa, lipelekwe mbali, siyo kuwekwa pale ukutani. Kasha likiwa bado moto, gusisha mshumaa penye ungio. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya meno, hata kuelekea juu.

Je, wajua kwamba urefu wa kiungio cha boksi spana haupunguzi nguvu ya kuzungusha? Unaweza kuunganisha viungio viwili kuifikia bolti iliyojificha nyuma ya kabureta, na nguvu itafika yote. Kinachopotea njiani ni pigo, kwa kuwa chuma kirefu hunesa kama fimbo. Mafundi wengi wana spana moja ya bei rahisi iliyokatwa na kupindwa kwa moto kwa ajili ya bolti moja tu. Kipande cha gazeti ndani ya boksi huishika nati isidondoke ndani ya injini. Hata hivyo, kama mkono hauingii, nusu saa ya kutoa ekzosi ni fupi kuliko jioni nzima ya kuviziana na bolti kupitia upenyo.

Kioo cha kulia cha Yamaha nyingi kina meno ya kushoto, sawa na pedali ya kushoto ya baiskeli. Ukizungusha “kufungua” unakaza.

Je, wajua bolti za ekzosi ndizo hukatika zaidi? Hupashwa na kupoa kila safari, tena zipo mbele, zinakula matope. Honda CG125 ya mwaka 1976 na injini za Kichina zilizoiga muundo wake hazijasalimika. Ikikatika, kuna chuma kigumu cha kutolea, chenye meno ya kinyume, unachokichomeka kwenye tundu ulilotoboa. Hicho nacho kikikatika humo ndani, drili ya kawaida haikitoboi. Dawa ya hapo ni mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme, ufundi ulioanzishwa na mke na mume wa Kisovyeti, Boris na Natalya Lazarenko, mwaka 1943, walipokuwa wakichunguza jinsi cheche zinavyokula viunganishi vya umeme. Mashine hiyo haipo kila mtaa. Fundi wa kuchomelea yupo: atashikiza nati mpya juu ya kisiki, joto litaivunja kutu, na spana itapata pa kushika. Muulize yeye kwanza, kabla hujagusa drili.