Wanachama wa heshima katika vyama vya wanafunzi Weusi wa Marekani

Katika habari za Marekani tunasoma mara kwa mara kwamba mtu fulani mwenye sifa amepewa uanachama wa heshima katika chama chenye jina la herufi za Kigriki: Alpha Phi Alpha, Delta Sigma Theta, na mengine ya namna hiyo. Mseminari aliyejifunza Kigriki atazitambua herufi, lakini maana ya jambo lenyewe haitamfikia kwa njia hiyo. Wengine wanafikiri ni Umasoni. Wengine wanafikiri ni mchezo wa wanafunzi tu. Inafaa basi tueleze kwanza vyama hivyo ni nini, kisha uanachama wa heshima ni nini, na mwisho Mkristu, zaidi sana padri, auhukumu namna gani.

I. Asili ya vyama hivi

Tangu zamani wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wana desturi ya kuunda vyama vya undugu kwa wanaume na vya udada kwa wanawake. Wanasaidiana katika masomo, na urafiki huo hauishi siku ya kupata diploma, bali unadumu mpaka kufa. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya wanafunzi Wazungu viliwafungia Weusi mlango. Mwanafunzi Mweusi aliketi katika darasa moja na wenzake. Masomo yakiisha, alijikuta peke yake.

Ndipo, tarehe 4 Desemba 1906, vijana saba wa chuo kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, walianzisha chama chao wenyewe, Alpha Phi Alpha. Mwaka 1911 wengine walianzisha Kappa Alpha Psi katika chuo kikuu cha Indiana. Lakini mahali palipozaa vyama vingi kuliko pengine pote ni chuo kikuu cha Howard, kule Washington, kilichoanzishwa mwaka 1867, miaka michache baada ya utumwa kuondolewa. Humo vilizaliwa vitano: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, kilicho chama cha kwanza cha udada wa wanawake Weusi, Omega Psi Phi mwaka 1911, Delta Sigma Theta mwaka 1913, Phi Beta Sigma mwaka 1914, na Zeta Phi Beta mwaka 1920. Sigma Gamma Rho ilifuata mwaka 1922 katika mji wa Indianapolis, na Iota Phi Theta mwaka 1963 katika mji wa Baltimore. Mwaka 1930 viliundiwa baraza moja la kuviunganisha, na leo vyama tisa vimo katika baraza hilo.

Tusidhani kwamba vilianzishwa kwa ajili ya karamu tu. Wasichana 22 walianzisha Delta Sigma Theta katika mwezi wa Januari 1913. Tarehe 3 Machi mwaka ule ule walikuwa wamekwisha kushuka njiani Washington, katika maandamano ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Hata leo vyama hivi vinasaidia wanafunzi maskini kulipa karo, vinafundisha watu kuandikishwa kupiga kura, na vinatunza jamaa zenye shida.

II. Uanachama wa heshima ni nini?

Tupambanue vizuri. Mtu anaweza kuingia katika vyama hivi kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa mwanafunzi aliye bado chuoni. Wa pili ni wa mtu aliyekwisha kupata diploma, anayepokewa katika tawi la watu wazima. Wa tatu ni wa heshima: chama chenyewe kinamchagua mtu kwa sababu ya matendo yake na kumwita aingie.

Basi tusiwahesabu wote wenye sifa kuwa ni wa heshima. Martin Luther King aliingia katika Alpha Phi Alpha mwaka 1952, alipokuwa akisoma teolojia Boston. Yeye alipita katika mlango wa kawaida. Lakini Mary McLeod Bethune, aliyeanzisha shule ya wasichana Weusi katika Florida mwaka 1904, alipokewa na Delta Sigma Theta kwa heshima mwaka 1923. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani na mwanamke Mzungu, alikuwa mwanachama wa heshima wa Alpha Kappa Alpha. Bill Clinton, aliyekuwa Rais, alipokewa hivyo na Phi Beta Sigma mwaka 2009.

Tusifananishe heshima hiyo na zawadi ya kutundika ukutani. Anayeipokea anaitwa ndugu au dada kweli, na kwa sababu hiyo hawezi kuwa wa vyama viwili vya baraza lile. Akifa, anaombolezwa kama mmoja wao. Mwimbaji Aretha Franklin alikuwa mwanachama wa heshima wa Delta Sigma Theta. Alipokufa katika mwezi wa Agosti 2018 ungedhani habari ingeishia kwa jamaa yake. Lakini wanawake wa Delta walikusanyika Detroit, mbele ya sanduku lake, wakamwaga kwa desturi yao ya kuaga dada aliyefariki.

III. Mlango kwa waliofungiwa mlango

Sasa tufikie neno lililo la maana kupita yote. Vyama hivi ni vya watu wenye masomo ya juu. Kwa nini basi viliwaita ndani watu wasiokanyaga chuo kikuu?

Tumtazame Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa katika Maryland. Bibi wa nyumba alianza kumfundisha herufi, akakatazwa na mumewe; mtoto akaendelea kujifunza kwa siri. Mwaka 1838 alitoroka, na tangu hapo alipiga vita utumwa kwa kinywa na kwa kalamu mpaka alipokufa mwaka 1895. Alpha Phi Alpha ilikuwa haijazaliwa. Hata hivyo, mwaka 1921 chama hicho kiliandika jina lake kati ya wanachama wake, ingawa alikuwa amekwisha kufa miaka mingi.

Tumtazame tena Fannie Lou Hamer. Alizaliwa mwaka 1917 katika Mississippi, mtoto wa mwisho kati ya ndugu 20. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita, na shule aliiacha akiwa angali mtoto, kwa sababu pamba ilimngojea. Wazee wetu waliolazimishwa kulima pamba wakati wa Wabelgiji watafahamu maana yake. Mwaka 1962 alikwenda kuomba aandikishwe kupiga kura. Siku ile ile mwenye shamba alimwambia aondoe ombi lake ama aondoke. Akaondoka, naye alikuwa amefanya kazi pale miaka 18. Mwaka 1963 alipigwa vibaya gerezani, katika mji wa Winona, akabaki na maumivu mpaka kufa kwake. Mwaka 1964 aliyasimulia hayo mbele ya wakubwa wa chama cha Demokrati, na nchi nzima ikamsikia. Mwanamke huyo wa shamba la pamba, wanawake wenye diploma wa Delta Sigma Theta walimpokea kuwa dada yao wa heshima.

Ni nani aliyepata faida hapo? Wahenga wanasema: mgeni aje, mwenyeji apone. Hamer hakuhitaji herufi za Kigriki ili awe mtu mkubwa. Wale wasomi ndio waliohitaji kumwita dada, wasije wakasahau kwamba walisoma kwa jasho la watu wasiosoma. Uanachama wa heshima, ukitumiwa hivyo, ni dawa ya majivuno ya wenye elimu.

IV. Maulizo mawili

Ulizo la kwanza: je, Mkristu anaweza kuipokea heshima hiyo bila dhambi? Tunajibu kwamba vyama hivi si Umasoni, wala havikuanzishwa ili kupinga Eklezya, kama vile vinavyokatazwa katika kanuni 1374. Lakini vina desturi za siri na viapo. Vina pia alama zilizotoka katika dini za kale: Alpha Phi Alpha ina Sfinksi ya Misri, na Delta Sigma Theta ina Minerva, mungu mke wa Waroma. Kwa sababu hiyo wahubiri wengine wa Marekani wanawashauri Wakristu wajitoe kabisa. Sisi tunasema hivi: alama iliyo pambo tu haimpi mtu mungu mwingine, lakini kiapo ni jambo zito, na hakuna anayeruhusiwa kuapa asilolijua, wala kuahidi neno lisilopatana na ubatizo wake. Sharti aulize kwanza, kisha ajibu. Padri anafungwa zaidi: kanuni 278 inamkataza chama chochote kisichopatana na kazi na hali ya upadri. Akiitwa, amwendee Askofu wake kabla ya kuitika.

Ulizo la pili: je, heshima hiyo haiwezi kuharibika? Inaweza. Chama kikimwita mtu kwa sababu ya fedha zake au ya jina lake katika magazeti, kinajitafutia sifa, wala hakimheshimu mtu. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anawakaripia Wakristu wanaompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha maskini asimame. Eklezya yenyewe inalijua jaribu hilo. Sisi pia tunao makanoni wa heshima na mamonsinyori. Na mwaka 2014 Papa Fransisko aliagiza kwamba mapadri wa majimbo wasipewe cheo cha monsinyori kabla ya kufikia miaka 65, ili kisiwe kitu cha kukimbiliwa na vijana.

V. Fundisho kwa ajili yetu

Sisi hatuna vyama vya herufi za Kigriki, lakini majivuno ya masomo tunayo. Mseminari anarudi kijijini wakati wa likizo. Katekista aliyemfundisha ishara ya msalaba anambebea sanduku, kisha anaketi nyuma kabisa, na kijana anaona ni haki. Mzee huyo ameongoza sala za Dominika miaka 30 pasipo padri, amebatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, amezika wafu wa watu wote. Hajui Kilatini wala filosofia. Lakini pasipo yeye, seminari ingepata wapi waseminari?

Eklezya imekwisha kutuonyesha njia. Mwaka 1994 ilimtangaza Isidori Bakanja kuwa Mwenye heri. Naye alikuwa kijana wa kazi, msaidizi wa waashi, asiye na diploma yoyote, aliyekufa mwaka 1909 kwa sababu ya kupigwa mijeledi kwa ajili ya skapulari yake. Madaktari wa teolojia wanapiga magoti kuomba msaada wake.

Basi, ndugu wapenzi, tuanze na mambo madogo. Katekista mzee akiingia katika mkutano wetu, tumpe kiti cha mbele. Tumwombe shauri kabla ya kupanga kazi ya kijiji chake. Siku ya Misa ya kwanza ya padri mpya, jina lake lisomwe pamoja na majina ya walimu wa seminari. Na tusiseme kwamba tunamfanyia wema, tunalipa deni.